Terminali Nne Nyuma ya Spika: Sauti Igawanywe Wapi?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa na jozi ya spika ambazo kila moja, mgongoni mwake, ina terminali nne, yaani vishikio vya kufungia waya, badala ya mbili. Zile mbili za juu zimeunganishwa na zile mbili za chini kwa vibati viwili vya shaba vilivyong'arishwa kama dhahabu, na mtu anayefunga waya wa kawaida hana haja ya kuvigusa. Lakini mpenda muziki akishaziona terminali nne hatulii. Hujiambia kwamba mtengenezaji hakuziweka bure, na kwamba humo ndani kuna sauti iliyofungiwa inayosubiri kutolewa. Nami nilijiambia hivyo, nikapita njia zote tatu ambazo watu huzipita: bai-waya, yaani kupeleka nyaya mbili kwa kila spika kutoka kwenye amplifaya moja, bai-ampu ya kawaida, yaani kuipa kila nusu ya spika amplifaya yake, na hatimaye bai-ampu ambayo krosova yake, saketi inayogawanya sauti, hukaa kabla ya amplifaya. Njia hizi huzungumzwa kana kwamba ni vidato vya ngazi moja, kila kimoja kikiwa bora kidogo kuliko kilichotangulia. Mimi nimeziona kuwa mambo tofauti kabisa, na kinachozitofautisha ni mahali ambapo sauti inagawanywa.

Tuanze ndani ya kasha, kwa kuwa bila kujua kilichomo humo mazungumzo ya nyaya hayana msingi. Spika ya njia mbili ina wufa, ile pana inayobeba besi na sehemu kubwa ya sauti ya mwimbaji, na ina twita, ile ndogo inayobeba sauti za juu. Kati ya terminali na hizo mbili kuna krosova, saketi ya koili na kapasita inayoamua umeme upi uende wapi. Koili hukaa kwenye njia ya wufa na kuizuia mitetemo ya haraka. Kapasita hukaa kwenye njia ya twita na kuizuia mitetemo ya polepole. Chukua mfano mwepesi kuliko yote, krosova ya daraja la kwanza inayogawanya sauti kwenye hezi 2,500, yaani mitetemo 2,500 kwa sekunde, kwa spika za omu 8, omu ikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme: koili yake itakuwa takriban milihenri 0.5, na kapasita yake takriban mikrofaradi 8. Noti ya besi ya hezi 50 ikiifikia kapasita hiyo hukutana na ukinzani wa karibu omu 400, ambao ni mara hamsini ya ule wa twita yenyewe, kwa hiyo mkondo unaopita ni kidogo mno. Namba hiyo ya omu 400 naomba msomaji aishike, maana nitairudia.

Ukivitoa vile vibati, unachofanya ni kuitenga krosova ya wufa na krosova ya twita mahali zilipokutana. Hakuna kilichobadilika ndani ya kasha. Kapasita bado inazuia, koili bado inazuia, na kila nusu bado inatarajia kupelekewa muziki mzima ili ijichagulie fungu lake.

Jioni ile nilipofunga waya wa pili niliandika kwenye daftari langu kwamba sauti ya mwimbaji ilikuwa imefunguka na kwamba matoazi yalisikika yakielea hewani. Sikuwa nikijidanganya makusudi, nilisikia nilichosikia. Tatizo lilijitokeza miezi kadhaa baadaye, nilipozihamisha spika na kurudi kwa muda kwenye waya mmoja kwa sababu ule wa pili haukufika. Kabla ya kuvirudisha vibati niligundua kwamba vilikuwa na ukoko mweusi chini ya nati, na kwamba nati moja haikuwa imekazwa tangu siku ya kwanza. Nilivisugua, nikakaza kila kitu, nikasikiliza. Kila nilichokiandika kwenye daftari kilikuwapo, na waya ulikuwa mmoja. Baadaye nilimwomba ndugu yangu anibadilishie mpangilio bila kuniambia upi ni upi, nikabahatisha sawasawa karibu nusu ya mara, kama ambavyo ningepata kwa kurusha sarafu.

Hesabu inaeleza kwa nini. Waya wa shaba wenye milimita za mraba 2.5 na urefu wa mita tatu, ukihesabu kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 0.04 hivi. Amplifaya ikitoa volti 20, spika ya omu 8 itavuta ampia 2.5, na waya utapoteza takriban volti 0.1, ambayo ni nusu ya asilimia moja. Wanaoitetea bai-waya husema, na kwa haki kabisa, kwamba upotevu huo huletwa na besi lakini huigusa twita pia kwa kuwa waya ni mmoja, na kwamba nyaya zikiwa mbili mkondo mzito wa besi hupita peke yake. Ni kweli. Lakini volti hiyo iliyopotea ni ya hezi 50, na kapasita ingeizuia hata hivyo. Ili twita idhurike, mkondo wa wufa ungepaswa kubeba uchafu wa sauti za juu ambao haukuwa kwenye muziki. Wufa halisi huzalisha uchafu wa namna hiyo, kwa sababu sumaku na koili yake si kamilifu. Tuseme basi uchafu huo ni asilimia moja ya mkondo, yaani ampia 0.025. Ukipita kwenye omu 0.04 utaacha volti 0.001, desibeli 86 chini ya muziki wenyewe, desibeli ikiwa kipimo cha kulinganisha ukubwa wa sauti. Sikio la binadamu lina uwezo wa kustaajabisha, lakini silioni likiupata mnong'ono huo chini ya ngoma na gitaa.

Hoja nyingine husema kwamba wufa inaporudi mahali pake huzalisha umeme wake yenyewe, na kwamba umeme huo unaorudi nyuma huivuruga twita iwapo njia ni moja. Hapa nadhani watu wanasahau kwamba nyaya mbili za bai-waya zinakutana tena kwenye terminali za amplifaya. Makutano hayakuondolewa, yamehamishwa mita tatu tu. Umeme unaorudi kutoka kwenye wufa unafika hapo, na kinachoumeza ni amplifaya, ambayo ukinzani wake wa kutolea sauti huwa mdogo sana. Na hata kabla ya kufika huko umeshapita kwenye koili ya krosova, ambayo aghalabu ina sehemu kadhaa za kumi za omu, na kwenye koili ya wufa yenyewe, ambayo katika spika ya omu 8 ina karibu omu 6. Ukiweka omu 0.04 za waya kando ya hizo, utaona jinsi mchango wake ulivyo mdogo.

Kuna jambo ambalo sijaliona likisemwa mara nyingi. Mtu aliyenunua nyaya mbili anaweza kuzifunga zote mbili pamoja na kuviacha vibati mahali pake. Hapo kila nusu ya spika inapata ukinzani wa omu 0.02 badala ya 0.04, kwa hiyo kwa kipimo cha upotevu peke yake mpangilio huo unaishinda bai-waya kwa nyaya zile zile. Watengenezaji wenyewe hawakubaliani. Vandersteen ya Marekani imewashauri wateja wake kwa miaka mingi watumie nyaya mbili, ilhali Dynaudio ya Denmark imejulikana kwa spika zenye jozi moja tu ya terminali. Wote wawili wametengeneza spika zinazoheshimiwa, nami nalichukulia hilo kuwa dalili kwamba ubora wa spika hauamuliwi hapo.

Bai-ampu ya kawaida ni jambo zito zaidi, na ina hatari ambayo bai-waya haina. Ukisahau kuvitoa vibati ilhali umefunga amplifaya mbili, umeziunganisha amplifaya hizo zikabiliane moja kwa moja, kila moja ikijaribu kuilazimisha nyingine ifuate volti yake. Tofauti ndogo kati yake inatosha kusukuma mkondo mkubwa, na amplifaya inaweza kuungua kabla hujasikia noti ya kwanza. Mimi hukagua mara mbili kabla ya kuwasha, na sioni aibu kuifanya kazi hiyo polepole.

Nilianza na risiva ya sinema ya nyumbani iliyokuwa na chaneli saba, yaani amplifaya saba ndani ya kasha moja, mbili kati yake zikiwa hazitumiki. Kwenye menyu yake palikuwa na chaguo la kuzipeleka chaneli hizo mbili kwenye spika za mbele, nikalichagua kwa matumaini makubwa. Kichwani nilikuwa nimejumlisha wati: mia kwa wufa na mia kwa twita, hivyo mia mbili. Jumla hiyo ni ya uongo kwa sababu tatu, na ya kwanza ndiyo muhimu kuliko nyingine zote.

Katika bai-ampu ya namna hii krosova bado imo ndani ya spika, baada ya amplifaya. Maana yake ni kwamba amplifaya zote mbili zinapokea muziki mzima na kuukuza wote, besi na sauti za juu kwa pamoja. Ile ya twita inaizalisha volti yote ya ngoma kubwa, volti 20 nzima, kisha inakutana na zile omu 400 na kutoa ampia 0.05 tu badala ya 2.5. Imepumzishwa mkondo, haikupumzishwa volti. Na kinachoifanya amplifaya ikwaruze tunapoongeza sauti mno ni volti, kwa kawaida: kilele cha muziki kinaifikia dari ya uwezo wake kikakatwa. Amplifaya ya twita inaifikia dari hiyo kwa wakati ule ule ambapo ile ya wufa inaifikia, ingawa karibu haifanyi kazi yoyote. Sababu ya pili ni kwamba chaneli za risiva moja hutumia transfoma moja, kwa hiyo wati za pili zinachotwa kwenye kisima kile kile. Ya tatu ni kwamba muziki hauligawi fungu lake sawasawa. Nguvu nyingi ziko kwenye besi na sauti za kati, na mgawanyo ukiwa kwenye hezi 2,500 wufa huchukua karibu zote. Twita mara nyingi huridhika na wati chache. Na hata kama uwezo ungekuwa umeongezeka maradufu kweli kweli, ongezeko lingekuwa desibeli 3, ambalo husikika lakini si la kumshangaza mtu.

Sisemi kwamba hakuna faida. Spika ambayo ukinzani wake unashuka hadi omu 3 kwenye besi huvuta mkondo mwingi, na amplifaya ndogo inayohangaika nayo hupata nafuu ikiondolewa hata sehemu ndogo ya mzigo. Na amplifaya zikiwa mbili zenye transfoma mbili, kuyumba kwa umeme kunakosababishwa na ngoma hakuifikii twita. Hizi ni faida za kweli, ila hujitokeza pale tu ambapo amplifaya ya kwanza ilikuwa ikielemewa. Yangu haikuwa.

Niliyajua hayo baadaye. Wakati ule nilichukua hatua ambayo wengi huichukua: nilitafuta amplifaya ya pili, tofauti na ile niliyokuwa nayo, nikaipa twita. Kwa wiki mbili nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi. Kila chombo kilikuwa na makali, kila pumzi ya mwimbaji ilisikika. Kisha nikaanza kuchoka. Nilikuwa nikizima muziki katikati ya wimbo bila kujua kwa nini, na hilo lilinihuzunisha, kwa sababu kusikiliza muziki ndiyo starehe ninayoithamini kuliko zote.

Jibu lilitoka kwenye multimita, kifaa cha kupimia umeme. Amplifaya mbili tofauti aghalabu hazikuzi sauti kwa kiwango kimoja. Moja inaweza kukuza kwa desibeli 26 na nyingine kwa 29. Nilicheza toni ya hezi 100 kwa sauti ya chini, kwa sababu multimita nyingi za bei nafuu hupima vizuri mitetemo iliyo karibu na ile ya umeme wa nyumbani lakini hupotoka kwenye mitetemo ya juu, na kwa sababu kapasita huilinda twita dhidi ya toni hiyo. Kwenye amplifaya ya wufa nilisoma volti 1.00, kwenye ile ya twita volti 1.41. Hiyo ni desibeli 3 kamili. Nilichokiita uwazi kilikuwa sauti za juu zilizozidishwa, jambo ambalo kitufe cha kurekebishia sauti kingelifanya bila amplifaya ya pili. Niliipunguza ile ya twita hadi tofauti ikawa chini ya asilimia moja, na makali yote yakaondoka. Kilichobaki kilikuwa kizuri, ila kilikuwa ndicho nilichokuwa nacho mwanzoni.

Anayetaka kwenda njia hii naomba apime kwanza, na pia aangalie kama mojawapo ya amplifaya inaugeuza muziki juu chini, maana zipo zinazofanya hivyo. Wufa ikisukuma mbele wakati twita inavuta nyuma, sauti za karibu na hezi 2,500 zitazimana, na hapo ndipo sikio lina hisia kali na ndipo zilipo herufi nyingi zinazotuwezesha kuyaelewa maneno. Kwa mwenye amplifaya mbili za stirio zinazofanana, ningependekeza kila spika ipate yake, badala ya moja kubeba wufa zote na nyingine twita zote. Kila transfoma itabeba upande mmoja mzito na mmoja mwepesi, na amplifaya inaweza kukaa karibu na spika yake.

Njia ya tatu ndiyo iliyobadilisha mawazo yangu, na ndiyo ningependa kukaa nayo zaidi. Hapa krosova ya ndani ya kasha inaondolewa kabisa, na kazi yake inafanywa kabla ya amplifaya, wakati sauti bado ni umeme mdogo au hata tarakimu. Amplifaya ya wufa haipokei kitu isipokuwa besi na sauti za kati. Ile ya twita haipokei kitu isipokuwa sauti za juu. Sasa ndipo volti nayo inagawanywa. Chukua amplifaya mbili za wati 50 kwenye omu 8, kila moja ikiwa na uwezo wa volti 20. Moja inabeba noti nzito kwa volti 20, nyingine noti kali kwa volti 20, na hakuna inayoifikia dari ya mwenzake. Amplifaya moja iliyopewa noti hizo mbili kwa pamoja ingekutana na vilele vinavyojumlishana, ikahitaji uwezo wa volti 40, yaani amplifaya ya wati 200. Ile jumla niliyoiota kwenye risiva, hapa kumbe inazidishwa. Ni kweli kwamba muziki halisi haupangi vilele vyake kwa usawa huo, hivyo faida halisi huwa ndogo kuliko hiyo, lakini ipo na husikika. Zaidi ya hayo, besi ikizidi na amplifaya yake ikikwaruza, twita haipati habari.

Faida nyingine ni ukaribu. Wufa inashikwa na amplifaya moja kwa moja, bila koili katikati. Na mteremko wa krosova, yaani jinsi inavyozipunguza haraka sauti zilizovuka mpaka wa mgawanyo, unaweza kuwa mkali kadiri unavyotaka. Mwaka 1976 Siegfried Linkwitz alichapisha mpangilio alioufanyia kazi pamoja na Russ Riley, ambao leo unaitwa kwa majina yao; katika umbo lake la kawaida hushuka kwa desibeli 24 kwa kila oktava, yaani kila mitetemo inapoongezeka au kupungua maradufu, na pande zake mbili zikijumlishwa hutoa sauti iliyonyooka mahali pa makutano. Kuujenga kwa koili na kapasita ndani ya kasha kunahitaji vifaa vingi na vikubwa. Kwenye krosova ya tarakimu ni kuchagua kwenye orodha. Studio zimelijua hili kwa muda mrefu, na Genelec ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilianza tangu bidhaa yake ya kwanza kwa kuziweka amplifaya ndani ya spika zenyewe.

Lakini sikuzigusa spika zangu nzuri. Nilichukua jozi ya zamani ambayo nisingeililia, nikazifungua, nikazitoa krosova na kuzihifadhi kwenye boksi. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba twita isiyo na kapasita iko uchi. Amplifaya inapowashwa inaweza kutoa kishindo, na kishindo hicho sasa hakina wa kukizuia. Niliweka kapasita ya mikrofaradi 47 kwenye njia ya twita. Kwa omu 8 huanza kuzuia chini ya hezi 420 hivi, mbali kabisa na mgawanyo, hivyo haiingilii muziki lakini inavunja makali ya kishindo. La pili ni kwamba twita iliyofungwa moja kwa moja huonyesha kila mvumo wa amplifaya, kwa sababu vile vikinzani vya krosova ya zamani vilivyokuwa vikiipunguzia sauti vilikuwa vikiupunguza mvumo pia.

La tatu lilinichukua wikendi nyingi. Nilidhani ningeandika hezi 2,500 na desibeli 24 kwenye krosova ya tarakimu kisha nikae nisikilize. Sauti iliyotoka ilikuwa mbaya, nyembamba na yenye kelele. Krosova niliyoitupa kwenye boksi ilikuwa ikifanya mengi kuliko kugawanya: ilikuwa ikirekebisha upungufu unaotokea sauti za chini zinapouzunguka ubao wa mbele wa kasha badala ya kwenda mbele tu, ilikuwa ikituliza kilele cha wufa karibu na mwisho wa uwezo wake, na ilikuwa ikiishusha twita iendane na wufa. Aliyeibuni alikuwa amesikiliza na kupima kwa muda mrefu, na kazi yake yote nilikuwa nimeing'oa kwa bisibisi moja. Ilinibidi nipate maikrofoni ya kupimia, niiweke mita moja mbele ya spika, nijifunze kusoma michoro, na niijenge kazi hiyo upya hatua kwa hatua. Nilipomaliza, jozi ile ya zamani ilikuwa ikitoa besi iliyokaza na sauti ya mwimbaji iliyosimama mahali pamoja, na siku hiyo sikuhitaji daftari wala ndugu wa kunibadilishia nyaya ili nijue kwamba kuna tofauti.

Spika za terminali nne bado ninazo, na bado ndizo ninazozisikiliza zaidi. Zimefungwa waya mmoja wa milimita za mraba 2.5, na mahali pa vibati nimeweka vipande vifupi vya waya huo huo. Kila baada ya miezi michache nazikaza nati kwa vidole, bila koleo, kwa sababu terminali inayolazimishwa huzunguka nzima na kuukata waya uliochomelewa upande wa ndani ya kasha.